Pesa isitangulie mzigo

Familia ikiagiza mashine ya kupimia presha kwa muuzaji wa Kariakoo aliyemwona Instagram, mara nyingi hutuma pesa kwanza kwa simu, kisha husubiri bodaboda. Mzigo ukifika mbovu, hasara si pesa tu. Bibi anayetumia dawa za presha akisomewa namba za uongo, anaweza kuacha dozi anayoihitaji.

Hapo ugomvi huanza. Mteja anadai pesa zake, muuzaji anasema bidhaa ikishatoka dukani hairudi, au hapokei simu tena.

China ilipata dawa ya ugomvi huo mwaka 2004, ilipoanza Alipay. Mfumo huo ulishikilia pesa ya mnunuzi hadi athibitishe kupokea mzigo, ndipo muuzaji akalipwa. Hata anayelipa kwa kadi ya Visa au Mastercard anaweza kufungua dai benki mzigo usipofika. Lakini pesa iliyotumwa kwenye namba ya mtu binafsi huingia kwake papo hapo. Hakuna anayeishikilia katikati.

Kwa hiyo kinga ya kwanza ni kukubaliana kulipa mzigo ukifika. Mashine ifunguliwe na ijaribiwe kabla bodaboda hajaondoka. Muuzaji akikataa, ndugu aliye karibu na Mtaa wa Msimbazi au Kongo aende dukani akaikague. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inamtaka muuzaji wa mtandaoni ajitambulishe kwa jina na anwani. Anayeficha duka lilipo asitumiwe hata shilingi.

Kama pesa imeshakwenda, meseji ya muamala, tangazo na mazungumzo visifutwe. Kampuni ya simu ipigiwe mara moja, maana pesa ikishatolewa kwa wakala, kuirudisha ni kazi kubwa. Namba ya tapeli itumwe kwenda 15040, na taarifa ipelekwe polisi. Bidhaa ikiwa bandia, Tume ya Ushindani (FCC) ndiyo mahali pa kulalamika. Kwa kifaa tiba, TMDA nayo ijulishwe.

Madai yanaweza kuchukua wiki kadhaa, lakini presha haisubiri. Wakati familia inafuatilia pesa yake, mashine yenye mashaka iwekwe kando na bibi apelekwe kupimwa kituo cha afya kilicho karibu.