Macho Shimoni, Ua Mlangoni

Nianze na jambo nililoliona kwa macho yangu hapa Ngokolo, mjini Shinyanga. Jirani yangu ni mama anayedarizi mashuka ya maharusi. Asubuhi moja nilimkuta barazani, kitambaa cheupe kimekazwa kwenye fremu, karatasi ya kaboni iko pembeni, ananakili waridi kutoka kwenye picha iliyotolewa kopi mara nyingi hata petali zake zikawa madoa meusi. Hatua tatu kutoka alipokaa, ndani ya ndoo iliyotoboka, palikuwa na vinka iliyochanua maua kumi na moja, kila ua na petali tano na kijicho chekundu katikati. Nikamwuliza, "Mama, mbona hulidarizi hili?" Akacheka, akanijibu, "Mwalimu, hili la mlangoni nani atalinunua?"

Jibu lile limenifanya nishike kalamu, kwa kuwa ni jibu letu sote. Sisi wa ukanda huu wa migodi, tangu Mwadui hadi Kakola, tangu Nyarugusu hadi Rwamagasa, tumezoea kuamini kwamba chenye thamani hukaa chini ya ardhi na hupatikana kwa kuchimba. Kijana akiamka anawaza duara la kuchimbia, karasha ya kusagia mawe na mwalo wa kuoshea dhahabu. Akisikia rashi ya dhahabu imelipuka mahali, anafunga mzigo. Simlaumu, maana riziki hutafutwa, na dhahabu imejenga nyumba nyingi na kusomesha watoto wengi. Ninachosikitikia ni jicho lake. Jicho lililozoea kutafuta chembe inayong'aa ndani ya jiwe hufika mahali likaacha kuona kinachochanua kizingitini. Na msanii asiyeona cha kizingitini kwake atabaki kunakili kopi ya kopi mpaka mwisho wa maisha yake.

Hebu tulitazame jiwe lenyewe. Mwaka 1947, katika mgodi wa Mwadui uliokuwa wa Dakta John Williamson, kiliokotwa kipande cha almasi ya rangi ya waridi, uzito wake karati 54 na nusu. Williamson alimzawadia binti mfalme Elizabeth wa Uingereza kwa ajili ya harusi yake ya mwaka huohuo. Almasi ile ikakatwa, ikabaki karati 23.6. Mwaka 1953 masonara wa nyumba ya Cartier kule London walipotaka kuipa umbo litakaloonyesha uzuri wake wote, waliifanya nini? Waliifanya ua. Wakaiweka katikati, wakaizungushia petali za almasi nyeupe, wakaipa shina na majani. Jiwe mashuhuri kuliko yote yaliyotoka Shinyanga lilikwenda ng'ambo likapate heshima ya kufanana na ua! Basi kama mafundi wenye almasi mkononi waliliendea ua kutafuta umbo, sisi wenye maua mlangoni tunakwenda wapi?

Wazee wetu hawakuwa na upofu huu. Pale Bujora, Kisesa, karibu na jiji la Mwanza, kwenye Makumbusho ya Wasukuma, hufanyika sikukuu ya ngoma baada ya mavuno, mwezi Juni. Makundi mawili ya ngoma, Wagika na Wagalu, hushindana, kila upande na manju wake, kila manju na nyimbo alizozitunga. Sikukuu ile inaitwa Bulabo, na bulabo kwa Kisukuma ni maua. Mkulima aliyeshinda shambani miezi yote huja uwanjani kuonyesha alichokiona na kukitunga tangu mvua hadi mavuno. Ngoma ile ina msimu wake kama shamba lilivyo na msimu wake.

Basi na bustani ya nyumbani ndivyo ilivyo. Nimekuwa na yangu kwa miaka mingi. Haina ukubwa, mtu mzima huimaliza kwa hatua kumi. Lakini nimejifunza kwayo kwamba mwaka mzima una somo, na kila majira yana somo lake kwa mwenye kuchora, kushona, kuchonga au kutunga.

Mvua za kwanza zikianguka, Oktoba au Novemba, ardhi iliyopasuka hutoa harufu ambayo kila mtu wa Shinyanga anaijua. Siku chache baadaye, mahali palipokuwa patupu kabisa, huchomoza ua jekundu la mviringo kama mpira, limeundwa kwa mamia ya nyuzi nyembamba. Ndani ya juma moja au mawili limenyauka. Somo lake ni kuwa tayari. Asiyeamka mapema mwezi ule hulikosa, na itambidi angoje mwaka mwingine.

Mwezi Februari nina miche mitatu ya pamba karibu na ukuta, ambayo huing'oa na kuichoma msimu ukiisha kama wakulima wote wanavyotakiwa ili wadudu wasizaliane. Pamba tunaijua kwa bei na kwa marobota. Ni wangapi wamelitazama ua lake? Siku linapofunguka asubuhi lina rangi ya maziwa yaliyoganda. Likilala na kuamka, limegeuka rangi ya waridi. Kisha linajikunja na kuanguka, nyuma yake kinabaki kitumba. Kwenye mche mmoja unaweza kukuta ua la leo na ua la jana, jeupe na la waridi, yameachana kwa majani mawili matatu. Hakuna mwalimu wa rangi atakayekufundisha vizuri kuliko mche huo kwamba rangi ni wakati unaopita.

Masika yakikolea huja yasmini na harufu yake ya usiku, na hapo mtunzi wa nyimbo hupata fungu lake, maana harufu haichoreki, husemwa tu. Mwezi Juni alizeti hukauka na kuinamisha kichwa. Kichukue kichwa kimoja, pangusa vumbi, utazame mbegu. Zimejipanga kwa mistari inayopinda, mingine ikienda kulia, mingine kushoto, nayo yote inakutana bila kugongana. Msusi wa vikapu akikitazama kichwa kile kwa dakika tano, atarudi kwenye ukindu wake na sura mpya.

Kisha kiangazi. Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa. Upepo wa Agosti na Septemba unapeperusha vumbi, majani yanakuwa na rangi moja na barabara. Lakini kiangazi ndicho msimu wa bogenvilia. Ukiimwagilia sana hujaa majani tu. Ikipata kiu, huwaka maua. Isogelee. Zile unazodhani ni petali za zambarau ni majani yaliyobadilika rangi, membamba kama karatasi, yenye mishipa. Ua lenyewe liko katikati, dogo, jeupe, jembamba kama njiti ya kiberiti. Nimepita mbele ya mmea ule maelfu ya mara kabla ya kulijua hilo. Tangu siku ile ninaamini kwamba hatujaona hata nusu ya vitu tunavyodai kuvijua.

Najua wapo watakaopinga. Watasema, Shinyanga ni kavu, maua ni anasa ya watu wa Lushoto na Arusha. Ndugu zangu, tukumbuke historia yetu. Katika miaka ya 1980 mkoa huu ulikuwa ukiitwa jangwa. Misitu ilikuwa imefyekwa kwa ajili ya kufukuza mbung'o, kupanua mashamba ya pamba na kulisha mifugo. Mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, na wananchi wakarudia desturi ya mababu ya ngitili: kutenga eneo la malisho, kulifunga wakati wa mvua, na kungoja. Ardhi ikajibu. Miti ikarudi, nyasi zikarudi, nyuki wakarudi, na mwaka 2002 kazi hiyo ikatunukiwa tuzo ya kimataifa ya Ikweta. Watu waliorudisha msitu hawawezi kushindwa na kitalu cha hatua kumi. Bustani ya mlangoni ni ngitili ndogo: unatenga, unalinda, unangoja.

Wengine watasema hawana maji wala nafasi. Maji ya kuoshea mboga yanatosha, na galoni la mafuta ya kula lililokatwa ni kitalu tosha kwa aliyepanga chumba kimoja Katoro. Mbuzi wakisumbua, zungushia minyaa kama wazee walivyozungushia maboma, ila watoto waonywe, utomvu wake huumiza macho. Na kwenu mnaoishi karibu na mialo nasema kwa uchungu: msipandie kamwe katika udongo wa marudio, yaani mabaki ya kuoshea dhahabu, wala katika chombo kilichobeba zebaki au sianidi. Sumu ile haionekani, na mkono wa mtoto unaochezea udongo ndio mkono unaokwenda kinywani.

Kwa wasanii, hasa vijana, nina mawaidha manne.

Kwanza, panda kinachokubali udongo wa kwenu. Wasukuma wana majina ya udongo wao: luseni wa mchanga, ikungu mwekundu, mbuga mweusi unaonata. Kila mmoja una mmea wake, na kila mmoja una rangi unayoweza kuisaga na kuchorea.

Pili, tazama saa ileile kila siku. Mchoraji Claude Monet wa Ufaransa alihamia Giverny mwaka 1883, akachimba bwawa, akapanda yungiyungi, na kwa takriban miaka thelathini ya mwisho wa maisha yake akayachora maua hayohayo katika picha zipatazo 250. Hakuchoka nayo, kwa sababu mwanga wa asubuhi na wa jioni haukuwa mmoja, wala wa Mei na wa Septemba.

Tatu, weka daftari. Andika tarehe, chora kwa kalamu ya risasi hata kama mchoro ni mbaya. Baada ya mwaka utakuwa na kitabu ambacho hakuna mtu mwingine duniani anacho.

Nne, usikimbie kiangazi. Mwenye sanaa naye hukauka, wiki au miezi, asipate wazo. Bustani itakufundisha kwamba ukavu haumaanishi kifo. Mvumilivu hula mbivu, na bogenvilia hungoja kiu ndipo iwake.

Jirani yangu, baada ya kumsumbua sana, alikubali kuketi nami siku mbili mfululizo mbele ya mche wa pamba. Siku ya kwanza alichora ua jeupe. Siku ya pili alipolikuta limekuwa la waridi alinyamaza, kisha akasema, "Mwalimu, miaka yote nimelima hili, sijaliona." Akadarizi shuka lenye ua jeupe na la waridi kwenye tawi moja. Bibi mmoja wa Kizumbi aliyekuja kununua alilishika, akalitambua papo hapo, akaanza kusimulia masika aliyoolewa. Kwa waridi la kopi sikuwahi kuona mnunuzi akisimulia kitu.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Basi, ndugu msomaji, kesho alfajiri kabla hujawasha redio, kabla hujauliza bei ya gramu, fungua mlango utoke. Kama lipo ua, liinamie mpaka uzione nyuzi zake. Kama halipo, toboa ndoo, tia udongo safi, panda. Mvua haziko mbali.