Makofi Hayamsafishi Mwandishi

Muhula huu, katika chama chetu cha michezo ya kuigiza, yalizuka mabishano juu ya Roald Dahl, mwandishi wa Uingereza aliyewatungia watoto Matilda na hadithi ya Charlie na kiwanda cha chokoleti. Wengine walisema nazi mbovu harabu ya nzima, basi hadithi zake zisichezwe. Wengine walisema hadithi ni tamu, mambo ya mtungaji yatuhusu nini? Mimi naona pande zote mbili zimekosea.

Kwanza tumtazame mtu mwenyewe. Dahl aliijua nchi yetu. Mwaka 1938 alikuja Dar es Salaam kufanya kazi katika kampuni ya mafuta ya Shell, na vita vilipoanza mwaka 1939 alikwenda Nairobi kujiunga na jeshi la anga. Kitabu chake cha Charlie kilipotoka mwaka 1964, wafanyakazi wa kile kiwanda walikuwa Waafrika wafupi waliotolewa msituni, na mshahara wao ulikuwa mbegu za kakao. Watu walilalamika huko Marekani, na katika chapa ya 1973 wakageuzwa kuwa watu weupe wa nchi ya kubuni. Tena mwaka 1983 alisema hadharani maneno ya kuwachukia Wayahudi. Alikufa mwaka 1990, na jamaa zake waliyaombea radhi maneno hayo mwaka 2020.

Sasa twende jukwaani. Mwaka 2010 Royal Shakespeare Company ilionyesha Matilda, mchezo wenye nyimbo, mjini Stratford-upon-Avon. Mwaka uliofuata ukahamia London, na mwaka 2012 ukapata tuzo 7 za Olivier. Lakini maneno ya mchezo huo yaliandikwa na Dennis Kelly, na nyimbo zilitungwa na Tim Minchin. Waigizaji, wapiga muziki na mafundi wa taa nao wana fungu lao. Kwa hiyo makofi yale hayamsafishi Dahl. Wala Matilda, mtoto apendaye vitabu na kumkabili mwalimu mkuu mkatili, hadaiwi makosa ya aliyembuni.

Hata hivyo, iko hatari. Mchezo mzuri hulikuza jina la mwandishi, na mtu anayefurahi haulizi maswali. London walipata dawa: mwaka 2024 ukumbi wa Royal Court ulionyesha Giant, mchezo wa Mark Rosenblatt unaomweka Dahl mwenyewe jukwaani katika mwaka ule wa 1983. Hivyo katika mji mmoja mtu aliweza kumshangilia Matilda, kisha akamsikia mtungaji wake.

Sisi tuna ukumbi mmoja tu, nao ni ule tunaolia chakula. Lakini twaweza kuwagawia wazazi karatasi mlangoni. Nashauri tucheze Matilda, na karatasi hiyo ieleze maisha ya Dahl, mema na mabaya, hata habari za Waafrika wale wa kakao. Jambo hili latuhusu sana, maana walioandikwa vile ni sisi. Mdogo wetu wa Kidato cha Kwanza acheke, lakini acheke akijua.

Na wenzangu wa nazi mbovu wakumbuke kwamba ubovu wa nazi hujulikana kwa kuivunja. Haujulikani kwa kuificha kapuni.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne