Serikali Ikiwa Mshirika, Nani Atakuwa Mwamuzi?



Siku moja tulikuwa tukifundisha hesabu za sehemu za mia katika darasa la sita, nasi tukachukua mfano ulio karibu, ndio mgodi wa almasi wa Mwadui. Tukawauliza watoto: "Ikiwa mgodi umegawanywa sehemu mia, na Serikali ina sehemu 37, mwenzake anazo ngapi?" Wakajibu upesi, 63. Ndipo mtoto mmoja akainua mkono akasema, "Mwalimu, na sisi watu wa huku tunazo ngapi?" Mwenzake akamjibu kabla yetu: "Sisi tumo ndani ya zile 37." Darasa likaridhika. Sisi hatukuridhika, na jibu lile ndilo lililotushikisha kalamu.

Kwa maana jibu la mtoto yule ndilo jibu la wazee wake. Barazani na sokoni twasikia watu wakisema: "Serikali imeongeza hisa zake, sasa mgodi ni wetu, hapana neno tena." Nasi twasema wazi ya kwamba neno lipo, tena ni kubwa. Hisa ni njia ya kupata fedha. Si macho ya kulinda haki. Serikali inapofanya ushirika na tajiri katika biashara, haja ya raia kuangalia hesabu haipungui, bali huzidi.

Tutazame mambo yenyewe jinsi yalivyokuwa. Almasi ya Mwadui iligunduliwa mwaka 1940 na Dakta John Williamson, mjuzi wa mawe kutoka Kanada. Mwaka 1947 lilitoka huko jiwe la rangi ya waridi, uzito wake karati 54.5, nalo likapelekwa kwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kuwa zawadi ya arusi yake. Williamson alikufa Januari 1958, na mwaka ule ule mgodi ukapata wenyewe wapya: nusu ikawa ya kampuni ya De Beers, na nusu ya Serikali ya Tanganyika, ambayo wakati ule ilikuwa mikononi mwa Waingereza. Basi angalieni: ushirika huu wa Serikali na kampuni haukuzaliwa jana. Umri wake umepita miaka 60.

Tangu hapo sehemu ya Serikali imepanda na kushuka kama maji ya lambo, masika na kiangazi. Mwaka 1994 De Beers wakawa na sehemu 75 katika mia, Serikali ikabaki na 25. Mwaka 2009 sehemu ya De Beers ilikwenda kwa kampuni ya Petra Diamonds. Mapatano ya Desemba 2021 yakaweka sehemu ya Serikali kuwa 37. Mwanzoni mwa mwaka 2025 Petra nao wakatangaza ya kuwa wamekubali kuuza sehemu yao. Twauliza: katika miaka hiyo yote, ni siku gani mkulima wa mtama wa Kishapu aliamka akatambua, kwa hali ya kisima chake au ya shule ya mwanawe, ya kuwa leo Serikali ina nusu, na leo ina robo? Hatukani mema. Hospitali ilijengwa Mwadui, na vijana wengi walijifunza huko ufundi wa mitambo. Lakini nani awezaye kutuonyesha ya kwamba mema hayo yalizidi kila hisa za Serikali zilipozidi?

Labda mtu atanena, "Mwalimu, hayo ni mambo ya fedha, sisi hatuyajui." Basi tuseme kwa mfano wa ng'ombe, ambao kila Msukuma aujua. Mwanangwa wa kijiji ana kundi moja la ng'ombe kwa ushirika na tajiri. Siku moja kundi lile laingia shambani mwako na kula mtama wote. Wewe waenda kushtaki. Kwa nani? Kwa mwanangwa. Naye huenda akawa mtu mwema kabisa, mpenda haki. Lakini akikuamuru ulipwe, atalipa nusu kutoka zizi lake mwenyewe. Hata akiamua kwa haki, majirani watanong'ona. Na akiamua kinyume chako, hutaamini kamwe ya kuwa ulishindwa kwa haki. Shida yako haikutoka katika ubaya wa moyo wake. Imetoka katika kuvaa kofia mbili juu ya kichwa kimoja.

Ndivyo ilivyo Serikali penye madini. Kwa mkono mmoja, kwa njia ya Hazina, yashika hisa na kungoja faida. Kwa mkono wa pili, kwa njia ya Tume ya Madini na idara nyingine, yakagua mgodi, yathamini mawe, na kutoza mrabaha na kodi. Mikono miwili hiyo ni ya mwili mmoja.

Mwaka 1917 hatukuwapo, bali mwaka 2017 tulikuwapo sote. Mwaka ule mzigo wa almasi za Mwadui, zaidi ya karati 71,000, ulizuiliwa katika uwanja wa ndege wa Dar es Salaam. Serikali ilisema ya kwamba karatasi zaonyesha thamani ya dola milioni 14.8 hivi, bali thamani ya kweli ni dola milioni 29.5. Kampuni ikakana. Mwezi wa Septemba, baada ya taarifa za kamati za Bunge juu ya almasi na tanzanaiti, viongozi wawili wa wizara walijiuzulu. Sisi hatukukaa hapa kuamua nani alisema kweli. Twataka mwone jambo moja tu. Mthamini aliyekadiria mawe kabla ya safari alikuwa wa Serikali. Mwenye robo ya mawe yale alikuwa Serikali. Mshtaki alikuwa Serikali. Je, raia aliyeketi chini ya mwembe na redio yake amwamini nani kati ya hao watatu, ilhali wote wana jina moja?

Tena, tarehe 7 Novemba 2022, ukuta wa bwawa la maji ya mgodi wa Mwadui ulibomoka, na tope likafunika mashamba na nyumba za jirani. Hatusemi ya kuwa mkaguzi yeyote alifumba macho. Twasema ya kwamba mwenye shamba lililofunikwa na tope ana haki ya kupimiwa hasara yake na mtu ambaye bwana wake hapotezi senti hata moja kwa kumlipa.

Sasa twajua ya kuwa watainuka watu wa pande mbili kutupinga.

Wa kwanza watasema: "Dawa ni kuyafukuza makampuni, Serikali ichukue mia yote." Ndugu, mali kuwa yetu kwa jina hakuizuii kuliwa. Kumbukeni pamba. Wakulima wa Usukuma walipochoka na mizani ya wachuuzi walijiunga katika vyama, hata mwaka 1955 likasimama Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Viktoria, ambalo Paul Bomani alikuwa kiongozi wake. Lilikuwa jambo la fahari, na sifa zake zilifika mbali. Lakini hata chama kile, kilichokuwa chetu toka mzizi hata jani, kilikuja kulalamikiwa na wakulima wenyewe juu ya matumizi ya fedha katika miaka ya 1960. Kuwa na mali na kuilinda ni kazi mbili mbalimbali.

Wa pili watasema kinyume: "Biashara ni ya wafanya biashara; Serikali ikae mbali, iwakaribishe wageni kwa upole, nasi tutaneemeka." Hilo nalo tulilijaribu. Sheria ya Madini ya mwaka 1998 ilitoza dhahabu mrabaha wa 3 katika mia, pamoja na nafuu nyingi za kodi. Katika mgodi wa Geita, mkataba uliweka malipo ya halmashauri kuwa dola 200,000 kwa mwaka. Mwaka 2001 wakia ya dhahabu iliuzwa chini ya dola 300; mwaka 2011 ilipita dola 1,800. Bei ilipanda zaidi ya mara sita, na fungu la wilaya likasimama pale pale kama kigingi. Walioandika neno lile hawakuiba kitu, waliandika tu bila mwenye kijiji kuwapo, na bila mtu wa kuuliza, "Na bei ikipanda?"

Tena kumbukeni Buzwagi, huko Kahama. Mkataba wa mgodi ule ulitiwa sahihi London, Februari 2007. Dhahabu ilikuwa Kahama, Bunge lilikuwa Dodoma, na kalamu ilikuwa Uingereza. Mbunge Zitto Kabwe alipouliza habari zake Bungeni mwezi wa Agosti, alisimamishwa. Lakini swali halikusimamishwa. Kelele za raia zilizidi, na mwaka ule ule ikaundwa kamati ya Jaji Mark Bomani, kisha sheria mpya ya mwaka 2010 ikapandisha mrabaha wa dhahabu kuwa 4 katika mia. Mwaka 2017 ukapanda tena kuwa 6, na Serikali ikapewa hisa zisizopungua 16 katika mia bila kuzilipia. Twaona basi ni nini kilichoanza kubadili mambo: si hisa, maana hisa zilikuja mwisho. Lilianza swali lililoulizwa mbele ya watu.

Wengine watatuonyesha Botswana, na kusema, "Wale walitajirika kwa ushirika ule ule wa nusu kwa nusu na De Beers." Ni kweli, na mfano ni mzuri. Wala tusijidanganye: udongo wa Jwaneng una almasi nyingi kuliko wa Mwadui, hivyo mizani ya maumbile haikuwa sawa. Lakini hata hivyo wale waliketi tena na tena kuyapima upya mapatano yao, wakatenga akiba ya almasi katika mfuko maalumu tangu mwaka 1994, wakadai hata kazi ya kuchambua na kuuza mawe ihamie kwao Gaborone. Hisa zao zilifuatwa na macho. Sisi twapenda kuiga hisa na kuacha macho.

Basi twataka nini? Twataka mambo matatu, wala si makubwa.

La kwanza, mikataba ionekane. Sheria ya mwaka 2015 juu ya uwazi katika madini, mafuta na gesi yaamuru mikataba itangazwe. Na itangazwe, tena kwa Kiswahili, ibandikwe katika ofisi za vijiji vinavyopakana na migodi. Siri kati ya washirika wawili ni siri dhidi ya mtu wa tatu, na mtu wa tatu ni sisi.

La pili, zitenganishwe kofia. Ashikaye hisa asiwe ndiye amtumaye mthamini na mkaguzi. Wapewe hawa kinga kama ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, ambaye taarifa zake husomwa kila mwaka hata zikiwauma wakubwa.

La tatu latuhusu sisi wenyewe, nalo ndilo gumu. Sheria yaamuru mgodi ulipe halmashauri ushuru wa huduma kwa kadiri ya mauzo. Tena tangu mwaka 2017 kampuni ya madini yapaswa kufanya kila mwaka mpango wa kusaidia jamii, na kupatana juu yake na halmashauri. Mkutano mkuu wa kijiji hukutanishwa kila miezi mitatu. Je, ni wangapi kati yetu tujuao kusoma walioinuka katika mkutano ule na kusema, "Someni kiasi cha ushuru, na kazi iliyofanyika"? Sisi walimu na tukubali aibu yetu. Tulipokwenda mara moja kuomba hesabu katika ofisi fulani, karani alituambia turudi wiki ijayo. Wiki ile ikapita, na nyingine, nasi hatukurudi. Karani alikosa, lakini sisi tulikosa zaidi, maana yeye alitegemea tutachoka, nasi tukachoka.

Wazee wetu wa pamba wengi hawakujua kusoma, lakini walijua kusimama penye mizani. Hawakumwambia mnunuzi, "Twakuamini," wala hawakumwambia, "Wewe mwizi." Walisema, "Geuza mizani huku, nasi tuone."

Yule mtoto wa darasa la sita alingoja jibu kwetu, nasi siku ile kengele ilituokoa. Wiki ijayo somo la hesabu litarudi pale pale. Kabla ya siku hiyo tutakwenda tena kwa karani, tukiwa watu wawili au watatu, na daftari mkononi. Nawe msomaji, uliye Maganzo au Geita au Kahama, ofisi ya kwenu si mbali.