Kontena za kompyuta na foleni ya mbolea

Mkulima wa Bunda akisikia neno kontena hufikiria sanduku la chuma bandarini Dar es Salaam. Mafundi wa kompyuta nao wana kontena zao: programu hufungashwa pamoja na vyote inavyohitaji, ikahamishwa toka mashine moja hadi nyingine bila kuvurugika. Docker ilizieneza kuanzia mwaka 2013. Mwaka uliofuata Google ikatoa Kubernetes, jina la Kigiriki lenye maana ya nahodha, kazi inayoeleweka vizuri Musoma.

Inamhusu nini mkulima? Msimu wa 2022/2023 Serikali ilianza kutoa mbolea ya ruzuku kwa namba ya usajili inayohakikiwa na mfumo wa kompyuta. Mvua zikianza, wengi huhitaji huduma kwa wakati mmoja. Mfumo ukizidiwa, anayesubiri dukani ndiye anayepoteza nauli na siku ya kupanda. Kazi ya nahodha huyo ni kuongeza kontena wateja wanapozidi na kuinua nyingine pale moja inapokufa. Umeme ukikatika dukani, hana la kufanya.

Ujuzi huu haufundishiki kwa ubao na chaki. Mwanafunzi aizime kontena kwa mkono wake, aone nyingine ikichukua nafasi, kisha akosee maelekezo na alitafute kosa mwenyewe. K3s, toleo dogo lililotoka mwaka 2019, huendeshwa hata kwenye kompyuta moja ya kawaida, hivyo kisingizio cha gharama hakina nguvu. Butiama kuna Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius K. Nyerere. Hapo ndipo pa kuanzia, na mfumo wa majaribio uwe daftari la mizani ya pamba la AMCOS, si mifano ya maduka ya ughaibuni.