KAZI ZA MIKONO: Kabati ya bei ndogo, sura ya heshima



Kuna jambo linalosumbua jamaa nyingi za Butembo na Beni. Kijana anatoka machimboni Manguredjipa na makuta kidogo, anataka kuoa. Anajiuliza: wageni wataona nini sebuleni? Basi anakopa, ananunua kabati yenye kung'aa. Arusi inapita, deni linabaki. Juu ya nini? Kabati ya mbao ya kalitusi ama ya tripleksi, inayouzwa bei ndogo kwa seremala wa mtaa, inaweza kupata sura nzuri kwa mikono yako mwenyewe.

Leo tunasema juu ya rangi ya kuzeesha: kabati ni mupya, lakini inaonekana kama ya nyumba ya babu. Mwaka 1989 mama mmoja Mwingereza, Rachel Ashwell, alifungua duka kule Santa Monica, Marekani, akauza vyombo vya zamani vyenye rangi iliyochubuka. Watu wakavipenda sana, na namna hiyo ikaenea fasi nyingi.

Utafute: rangi ya maji ya aina mbili (ya kahawia na nyeupe ama ya majani), burashi, mshumaa mmoja, msasa nambari 120 na 220, verni isiyong'aa na kitambaa.

1. Angalia miguu na viungo. Kinachotikisika kitiwe gundi na msumari kwanza. Rangi haiponyeshi kabati iliyolegea.

2. Osha kwa maji kidogo na sabuni. Anika kivulini, usianike juani: kalitusi ikikaushwa mbio inapasuka.

3. Sugua kwa msasa 120, ukifuata njia ya mbao. Kama ni tripleksi, sugua polepole, maana ngozi yake ya juu ni nyembamba.

4. Paka rangi ya kahawia, iache ikauke. Kule Beni kwenye joto haikawii. Butembo, juu ya metre 1.700, na baridi na ukungu wake, afazali ungoje mpaka kesho.

5. Sasa chukua mshumaa, usugue kwenye kona, kandokando ya milango, na fasi ya kushikia droo. Kisha paka rangi ya pili juu ya kabati yote. Penye nta ya mshumaa rangi haishiki sana.

6. Ikisha kukauka, pitisha msasa 220 pale penye nta tu. Rangi ya chini itachungulia. Pangusa vumbi, paka verni.

Siri iko kwenye namba 5. Jiulize: mikono ya watu ingegusa wapi kwa miaka 30? Ufagio ungegonga wapi? Ni pale tu. Ukichubua kila fasi, watu watasema kabati imeliwa na panya.

Angalisho kwa wazazi! Kama kabati ni ya zamani kweli na hujui rangi yake, usiichubue kabisa. Rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi, ndiyo plomb. Vumbi lake likiingia kinywani mwa mtoto linaharibu ubongo wake, na Shirika la Afya Duniani (OMS) linasema hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama. Ile ioshe tu, uipake rangi mupya juu. Hata kwa kabati mupya, fanya kazi ya msasa inje, funga kitambaa puani, na watoto wakae mbali.

Na ninyi vijana, kazi hii inaweza kuwapa chakula. Watano mkiungana, burashi na msasa vinatosha wote. Lakini mkimuuzia mtu, mwambieni wazi: kabati hii ni mupya, sisi ndio tuliizeesha. Ukimdanganya kwamba ilitoka kwa Wabelgiji, utapata dola zake mara moja, lakini kesho atajua, na mtaa mzima utajua pamoja naye. Mwenye kupenda kazi yako ataleta na jirani yake.

Basi, jaribu kwanza juu ya kiti kimoja kidogo. Tuonane mwezi ujao!