Kujitolea kwa Kuamriwa

Siku hizi ni nadra Jumapili kupita pasiwe na mashindano ya mbio za barabarani katika mji mmoja au mwingine wa nchi yetu. Watu wa kila rika huamka alfajiri, wakavaa fulana za rangi moja zenye namba vifuani, wakakimbia kilometa 5, au 10, au 21, wakavikwa nishani, wakapigwa picha, wakarejea makwao na furaha. Jambo lenyewe ni jema, nami si adui yake. Nimelishiriki kwa miaka 11, na magoti yangu yaweza kutoa ushahidi. Neno moja nitalipitia upesi, maana ni la fani yangu. Watu wamezoea kuita marathoni kila mbio za barabarani, hata zile za kilometa 5, ilhali marathoni ni kilometa 42 na mita 195, kipimo kilichotumika London mwaka 1908 na kuthibitishwa mwaka 1921. Kosa hilo halimwumizi mtu, na mwenye kulisahihisha kila Jumapili atakosa marafiki. Liko kosa jingine la lugha ambalo laumiza, nalo ndilo lililonishikisha kalamu.

Nasema juu ya neno kujitolea. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aweza kulichambua: toa, tolea, jitolea. Kiambishi -ji- kimewekwa pale kwa kazi moja, nayo ni kushuhudia kwamba mwenye kutoa na mwenye kutolewa ni mtu mmoja. Ajitoleaye hutolewa na nafsi yake. Akitolewa na mwingine, ijapokuwa ni mkuu wake, au mwalimu wake, au mwenyekiti wa mtaa wake, sarufi yakataa kumwita mwenye kujitolea. Huyo ametolewa, basi, kama viti vitolewavyo ghalani siku ya karamu.

Mwaka juzi, katika mji mmoja wa pwani, waandaaji wa mbio za kilometa 21 walileta barua chuoni kuomba vijana 40 wa kujitolea. Barua ilishuka ngazi kwa ngazi hata ikafika mezani pangu. Nikaorodhesha majina 40 ya darasa langu la fasihi, nikatia sahihi, nikarudi kusahihisha insha. Sikumwuliza hata mmoja wao. Kisha, na hapa ndipo ilipo aibu yangu, nikalipa ada yangu ili nikakimbie katika mbio zile zile.

Mbio zilianza saa 12 asubuhi. Vijana walikuwa wamefikishwa vituoni tangu saa 10 alfajiri, bila chai na bila kiti. Nilipofika kwenye meza ya maji ya kilometa ya 17 jua lilikuwa limekwisha kupanda, na msichana mmoja wa darasa langu akaninyoshea kikombe akasema, “Shikamoo, mwalimu.” Nikakinyakua kikombe, nikanywa mafunda mawili, nikakitupa chini, nikaenda zangu. Hata marahaba sikuitikia. Nilijiambia kwamba pumzi haikunitosha, lakini pumzi ya kuuliza muda wangu pale mwisho wa mbio nilikuwa nayo.

Yaliyofuata niliyasikia siku ya pili. Saa 2 na nusu lilikuja lori kukusanya meza, nao wakimbiaji wa nyuma walikuwa bado njiani, wengi wao akina mama wa makamo na wazee. Aliye hodari humaliza kilometa 21 kwa saa 1 na dakika chache. Wa mwisho huhitaji saa 3 na zaidi, na saa zake za ziada ndizo zenye jua kali. Yaani aliyehitaji maji zaidi ndiye aliyeondolewa meza. Msichana yule na wenzake wawili walikataa kupanda lori. Wakaazima ndoo katika nyumba ya jirani, wakateka maji bombani, wakasimama hata akapita wa mwisho, mama mmoja aliyekuwa akitembea huku ameshika kiuno. Kisha wakarudi mjini kwa miguu.

Sasa nitawahesabu kwa haki ya lugha. Vijana 40 walitolewa, na mtoaji nilikuwa mimi. Watatu kati yao, tangu dakika ile lori lilipoondoka, walijitolea. Katika taarifa ya waandaaji niliyoisoma baadaye wote 40 walishukuriwa kwa moyo wao wa kujitolea, na lori halikutajwa.

Yamkini msomaji ataniambia: nimelipa ada yangu, nami nastahili maji yangu bila mahubiri. Hoja hii ina nguvu, wala sitaidharau. Ada hununua maji, hununua fulana na nishani, hulipia ulinzi wa njia. Lakini haikununua usingizi wa msichana yule, kwa kuwa yeye hakulipwa hata senti. Ikiwa mbio ni biashara, na biashara si dhambi, basi asimamaye mezani tangu alfajiri apewe ujira wake na kazi yake iitwe kazi. Ikiwa si biashara, mwenye ada hana haki zaidi ya mwenye ndoo. Kisichowezekana ni kuwa biashara upande wa kupokea na sadaka upande wa kulipa.

Wengine watasema kwamba fedha huenda katika mambo ya heri, kwa wagonjwa au kwa shule zisizo na madawati. Nafurahi zikienda huko. Lakini nauliza, sadaka hiyo ni ya nani? Majina ya makampuni yamejaa migongoni mwa fulana zetu. Jina la aliyetoa saa 5 za usiku na asubuhi yake halimo hata katika karatasi ya mahudhurio, maana karatasi ile niliijaza mimi.

Twapenda sana kusimulia habari za John Stephen Akhwari, Mtanzania mwenzetu, aliyeanguka katika marathoni ya Olimpiki mjini Mexico mwezi Oktoba 1968, akaumia goti na bega, naye akaendelea hata akaingia kiwanjani usiku umekwisha kuingia, wa mwisho katika watu 57 waliomaliza, zaidi ya saa nzima nyuma ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Watoto wetu hufundishwa ushujaa kwa jina lake, na ni haki. Walakini tazama tena picha ile mashuhuri. Mguu umefungwa bendeji. Bendeji haijifungi. Palikuwa na mtu kando ya njia aliyeinama, akafunga, akamwacha aende. Na pale kiwanjani palikuwa na watu waliobaki kazini wakati wengine wamekwisha kwenda kula. Kama lori la Mexico lingalikuja saa 2 na nusu kama lori letu, Tanzania isingalikuwa na hadithi ile.

Wala asidhani mtu kwamba nasema juu ya wa mwisho tu. Tarehe 15 Septemba 2025 mjini Tokyo, Alphonce Simbu alishinda marathoni ya ubingwa wa dunia kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, akamtangulia Mjerumani Amanal Petros kwa sehemu 3 za sekunde moja iliyogawanywa mara mia. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya nchi yetu katika mashindano hayo. Katika mbio za kilometa 42 zilizoamuliwa kwa kiasi kisichotosha hata kufumba jicho, nani athubutu kusema kwamba chupa iliyowekwa mahali pake, ikashikwa bila kuponyoka, haikuwa na sehemu yake? Kanuni za riadha zaelekeza vituo vya vinywaji kila baada ya kilometa 5 hivi. Kanuni huandikwa mezani. Kutekelezwa kwake kwategemea mtu aliyeamka mapema.

Basi nataka nini? Nataka akimbiaye ahudumu kwa zamu. Si jambo geni duniani. Afrika ya Kusini ni desturi ya vyama vya wakimbiaji kwamba chama kikiandaa mbio zake, wanachama huacha kukimbia siku hiyo wakashika meza na bendera, nao hukimbia katika mbio za wenzao. London, katika bustani ya Bushy, tarehe 2 Oktoba 2004, watu 13 walikimbia kilometa 5 bila ada, na watu 5 wakawasimamia. Aliyewakusanya, Paul Sinton-Hewitt, alikuwa ameumia hawezi kukimbia. Kusimamia ilikuwa njia yake ya kuwa pamoja na rafiki zake. Mbio za namna hiyo sasa zimeenea katika nchi nyingi, na aliyekimbia juma hili huombwa asimamie juma jingine.

Kwa nini twende mbali? Vikundi vya jogging vya Dar es Salaam, ambavyo wasomi tumezoea kuvicheka kwa nyimbo na filimbi zao za asubuhi, vyalijua jambo hili kuliko sisi. Kikundi huwa mgeni leo na mwenyeji kesho. Mwenye bendera mbele akizuia magari leo, kesho yuko katikati akiimba. Hapana barua inayoshuka ngazi kwa ngazi. Sisi wenye saa za kupimia mapigo ya moyo ndio tuliodhani kwamba katika barabara kuna watu wa kukimbia na watu wa kunyosha mkono, na kwamba hawabadilishani.

Na walimu wenzangu nawaambia waziwazi: tuache kutia sahihi orodha za watoto wa watu. Kijana akitaka, na atake. Wako wengi watakao, wakiulizwa. Asiyetaka abaki na kitabu chake, wala asitazamwe kwa jicho baya.

Mbio za mwaka huu katika mji ule zakaribia. Barua ya kuomba vijana 40 imefika tena, nami sikuorodhesha mtu. Nimebandika karatasi tupu mlangoni pa darasa, na hadi leo ina majina 9, la juu likiwa langu. Nimewaandikia waandaaji kwamba sitakimbia, na kwamba naomba meza ya kilometa ya 17. Wamenijibu kwa adabu kwamba wahadhiri wametengewa viti katika hema la wageni. Nimeandika barua ya pili, nikaomba ndoo mbili, chai ya watu 9, na lori lisije kabla ya saa 4.