Laocoon Hapigi Ngoma: Dhidi ya Kuutenga Ushairi na Sanaa Nyinginezo Chuka na Embu

Uhakiki uliorithiwa kutoka Ulaya huuanzia Roma mjadala wa uhusiano wa ushairi na sanaa za uchoraji na uchongaji. Virgil alisimulia kifo cha Laocoon katika kitabu cha pili cha Aeneid. Sanamu ya marumaru ya kuhani huyo na wanawe ikafukuliwa Roma mwaka 1506. Kwa kuzilinganisha kazi hizo mbili, Lessing alihitimisha mwaka 1766 kwamba uchoraji ni sanaa ya mahali, ushairi ni sanaa ya wakati, na kila moja ina mipaka yake.

Mipaka hiyo haina mashiko Chuka. Mpiga ngoma wa huko huibana ngoma yake ndefu kati ya mapaja, akaimba na kucheza akiwa na mapambo yake mwilini. Neno, mdundo, mwendo na umbo hutokea kwa pamoja. Anayeuliza ni lipi kati ya hayo lililo shairi anauliza swali la Lessing, si la Chuka.

La kushangaza ni kwamba hata watetezi wa fasihi simulizi wameitii mipaka hiyo. Tangu Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Owuor Anyumba walipodai Idara ya Kiingereza ivunjwe jijini Nairobi mwaka 1968, nyimbo nyingi zimekusanywa. Kitabu cha Ciarunji Chesaina kuhusu fasihi simulizi ya Waembu na Wambeere (1997) ni hazina isiyopingika. Hata hivyo, wimbo ukishaingia kitabuni, ngoma hubaki makumbusho, na sura ya mchezaji hubaki kimya katika picha kama zile za watu wa Kenya ambazo Joy Adamson alianza kuagizwa na serikali ya kikoloni mwaka 1949. Kisha mwanafunzi huambiwa kuwa wimbo huo ni sahili. Usahili huo ni wa ukurasa, si wa wimbo.

Huenda ikadaiwa kuwa maneno hayana budi kutangulizwa kwani ndiyo yanayohifadhika. Dai hili linaisahau Roma yenyewe: kuta za Pompeii, mji uliofukiwa na volkano mwaka 79 B.K., zina maneno ya Virgil yaliyokwaruzwa na wenyeji, na pia picha za visa vyake. Mpaka uliwekwa na wahakiki waliokuja baadaye.

Chuo Kikuu cha Chuka na Chuo Kikuu cha Embu viko jirani na ngoma hizo. Tasnifu inayochanganua wimbo wa huko bila kugusia ngoma, vazi na uwanja yafaa ihesabiwe pungufu, sawa na tasnifu ya utenzi isiyotaja vina na mizani.